Kabla Upandishe Gemu Yako Play Store: Makaratasi ya Hakimiliki kwa Watengenezaji wa Kisumu na Western

Swali lenye vijana wa gemu huku kwetu wanauliza sana ni hili, nikitoa gemu alafu mtu aikopi nitafanya nini. Kisumu wanauliza, Kakamega wanauliza, Nakuru pia, na ni swali la maana, lakini jibu lake haliko siku ya wizi, liko miezi mingi nyuma, wakati mko watu watatu wanne kwa chumba kimoja, laptopu imechoka na hakuna mtu anafikiria sheria. Kitu kitakusaidia siku hiyo ni makaratasi. Nani alichora, nani aliandika msimbo, yale maandishi ya kompyuta yanaendesha gemu, nani alitoa pesa, muziki ulitoka wapi, jina mlisajili lini. Mwenye ako na hayo anasikizwa na Google, anasikizwa na korti, anasikizwa na kampuni inataka kununua gemu. Mwenye hana anabaki kulalamika tu, na inaniuma kuona kazi nzuri ikipotea hivyo.

Nitatumia mfano mmoja ndo tusipotee. Tuseme mko na gemu ya tuktuk, dereva anabeba abiria kutoka Kondele mpaka Dunga, anakwepa mashimo, anakwepa bodaboda, anapenya Kibuye siku ya soko, na nyuma kuna ngoma ya ohangla inalia. Mko wanne. Mmoja anaandika msimbo, mmoja anachora, mmoja anashughulikia sauti, na kasini wa huyo wa kwanza ndo alinunua laptopu.

Jua ni nini yako na ni nini ya kila mtu

Wazo halina mwenyewe. Gemu ya kubeba abiria mjini, gemu ya kuruka mashimo, gemu ya kupanga vitu vitatu vinafanana, hizo ni za dunia yote. Angalia ajua, ule mchezo wa bao, wazee wamecheza hiyo kitu chini ya mti miaka na miaka, na wewe leo ukitengeneza ajua ya simu hakuna mtu anaeza kukuambia toa, na jirani yako akitengeneza yake kesho pia huezi kumwambia toa. Sheria zile za kucheza hazilindwi na hakimiliki. Kile kinalindwa ni venye wewe uliiweka: msimbo uliandika, ubao ulichora, mlio wa mbegu ikianguka, maneno, wahusika, ile sura nzima ya skrini. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 programu ya kompyuta inahesabiwa kama kazi ya maandishi, michoro ni kazi ya sanaa, muziki uko na nafasi yake, kwa hivyo gemu moja ni haki nyingi zimebebana pamoja. Na haki inaanza yenyewe ile siku kazi imewekwa mahali inaeza kuonekana, iwe ni faili ama karatasi, bora umeweka bidii yako ya kutosha ndani yake. Huhitaji kuomba mtu ruhusa ndo uwe na hakimiliki.

Sasa mpaka kati ya wazo na ile sura ndo watu wanapigania kila mwaka, na kesi ya kusoma kabla ya zote ni ya Tetris, Marekani, 2012. Kampuni ndogo inaitwa Xio ilitoa gemu ya iPhone inaitwa Mino. Walikuwa wamesoma sheria wakaamini kwamba juu sheria za gemu hazilindwi basi wanaeza chukua kila kitu bora waandike msimbo wao wenyewe. Korti ya New Jersey ikakataa. Ikasema ndio, vipande kuanguka na kupangwa mpaka laini ijae, hiyo ni wazo, chukua. Lakini ubao wa nafasi 10 kwa 20, umbo na rangi za vile vipande, kile kivuli kinaonyesha kipande kitaangukia wapi, venye ubao unajaa gemu ikiisha, hayo yalikuwa ni machaguo ya mtu, yangeeza kufanywa kwa njia zingine nyingi, na Mino ilikuwa imeyabeba yote. Wakapoteza.

Kwa hivyo ukikaa na gemu yako jiulize hivi: hii kitu niliichagua ama ililazimika iwe hivyo? Tuktuk kuwa na magurudumu matatu imelazimika, hakuna mtu atakupa haki juu yake. Lakini dereva wako mwenye ako na kofia ya manyoya ya kijani, abiria wako mama mwenye anabeba mbuta kwa beseni na anakutusi ukifunga breki, hao ni wako kabisa. Kadiri gemu iko na machaguo mengi ya aina hiyo ndo inakuwa ngumu mtu kuikopi bila kushikwa. Gemu kavu, miraba na duara na namba, ulinzi wake ni mdogo sana. Wale walitengeneza Threes, gemu ya kupanga namba, waliona hiyo 2014. Walifanya kazi zaidi ya mwaka kutafuta zile sheria rahisi, wakatoa Februari, na kufikia Machi kulikuwa na gemu za kuiga kama 1024 na 2048 zimejaa, na 2048 ndo dunia inajua mpaka leo. Wazo lilikuwa lao lakini sheria haikuwa na mahali pa kuwashikia.

Andikeni nyinyi kwa nyinyi kabla pesa ije

Hapa nitakaa sana juu hapa ndo timu za huku zinavunjika, na zinavunjika sio juu ya mwizi wa China ama wapi, zinavunjika kwa sebule.

Watu wengi wanadhani mwenye gemu ni mwenye alikuwa na wazo, ama mwenye alinunua laptopu. Sheria haisemi hivyo. Kwa kawaida mwenye kazi wa kwanza ni mwenye aliifanya. Huyo msanii wenu mwenye amechora tuktuk zote, kama hakuna makaratasi na hamkumwajiri na hamkumtuma kazi kama mteja, michoro ni yake. Siku mmekosana anaeza kuenda nayo, na gemu yenu inabaki msimbo bila uso. Na kasini wa laptopu? Kama hakuna makubaliano yeye amenunua laptopu tu, hajanunua gemu, ata kama ameambia shughuli zote za familia kwamba ni gemu yake.

Alafu kuna ile upande mwingine yenye inashtua mafreelansa. Kifungu cha 31 cha hiyo sheria kinasema ukitumwa kazi, yaani mtu amekuagizia umfanyie, ama ukifanya kazi ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagizia ama mwajiri, isipokuwa muwe mmekubaliana vingine. Kwa hivyo kama wewe ni msanii Nakuru na studio ya Nairobi imekupa kazi ya kuchora wahusika, kama hukuandika chochote, wahusika wameenda. Ukitaka kubaki nao, ama ubaki na haki ya kuwauza kwa fulana na stika, sema mapema na iandikwe. Na ukiwa ni wewe umeagiza, usilale ati sheria iko upande wako, andika pia, juu swali la kama hiyo ilikuwa kazi ya kuagizwa ama ushirikiano wa marafiki ndo litapiganiwa. Kuuza ama kupeana hakimiliki yenyewe kunatakiwa kuandikwa na kuwekwa sahihi, neno la mdomo halitoshi.

Karatasi yenyewe haihitaji Kiingereza kirefu. Andika majina yenu kama yalivyo kwa kitambulisho, tarehe, gemu inaitwa nini. Andika kila mtu amefanya nini na atafanya nini. Andika haki zote zinaenda wapi, na mimi nashauri ziende kwa kitu kimoja, kampuni ama ubia wenye mmesajili, alafu nyinyi mgawane hisa huko ndani, juu pablisha, yaani kampuni ya kutoa na kusambaza gemu, akikuja hataki kuongea na watu wanne wenye kila mmoja ako na kipande. Andika pesa ikiingia inagawanywaje, na gharama zinatolewa kabla ama baada. Andika mtu akiacha katikati nini inafanyika, hii ndo watu wanaruka juu inakaa ni kama kutabiri mabaya, lakini ndo inaokoa urafiki: labda anabaki na asilimia ya kazi yenye alikuwa ameshamaliza na harudi kudai ya mbele. Andika kila mtu jina lake litatokea kwa gemu, juu ata ukiuza hakimiliki bado uko na haki ya kutambulika kwamba ni wewe ulifanya hiyo kazi. Wekeni sahihi, kila mtu abaki na kopi. Kasini awekwe kama mkopeshaji ama mwenye hisa, moja kati ya hizo, lakini iandikwe.

Chunga vitu vya watu wengine ndani ya gemu yako

Fungua faili moja ya kawaida, ata spredishiti, na kila kitu unaingiza kwa gemu chenye hukutengeneza wewe kiwe na mstari wake: kimetoka wapi, leseni gani, tarehe ulidownlodi, skrinshoti ya ile leseni. Fonti pia. Mlio wa honi pia. Kitu cha bure kwa intaneti hakimaanishi hakina mwenyewe. Nyingi ziko na leseni za Creative Commons, zinaandikwa CC. Ukiona CC0 uko sawa, mwenyewe ameachilia kila mtu atumie. Ukiona CC BY lazima utaje jina la mwenye kazi. Ukiona NC ndani yake achana nayo, hiyo ni ya watu hawafanyi biashara, na gemu yenye ina matangazo ni biashara ata kama umepata shilingi hamsini.

Muziki ndo moto zaidi. Wimbo mmoja uko na haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na unahitaji ruhusa za wote wawili. Ukienda kwa msanii wa ohangla mwenye unamjua akakwambia sawa mdogo wangu tumia tu, shukuru, alafu mwulize kwa heshima nani alirekodi na kama kuna prodyusa ama lebo ina mkono hapo. Na iandikwe ni ya nchi gani na ya muda gani, juu muda ukiisha shida inarudi. Gemu inaitwa Alan Wake iliondolewa sokoni Mei 2017 juu leseni za muziki ziliisha, ikakaa nje zaidi ya mwaka mzima ndo ikarudi. GTA IV ilitolewa nyimbo kibao 2018 kwa sababu hiyo hiyo, gemu ya miaka kumi watu wameshalipia. Kama hao wenye mawakili wamejaa nyumba walibanwa, wewe afadhali umlipe kijana wa kibodi akutungie ngoma mpya ya ohangla ya gemu peke yake na mwandikiane. Itakuwa bei ya chini na itakuwa yako milele.

Timu za mpira pia. Najua unataka abiria wa tuktuk wavae jezi ya Gor Mahia ama Ingwe, inaleta raha, lakini jina na nembo ya klabu ni mali ya klabu, enda ofisini kwao uombe, ama uvalishe abiria kijani tupu na buluu tupu na kila mtu ataelewa. EA wenyewe, kampuni ya ile gemu kubwa ya mpira, walilipa FIFA miaka na miaka kwa hilo jina, wakakosana, na tangu Septemba 2023 gemu inaitwa EA Sports FC. Sura za watu maarufu usiguse bila ruhusa. Ata tatuu: mchoraji mmoja Marekani alishtaki juu ya tatuu za mwanamieleka Randy Orton kwenye gemu za WWE 2K, na 2022 baraza la korti likampa dola 3,750. Pesa kidogo, lakini hebu fikiria hesabu ya mawakili wa pande zote mbili.

Picha za AI: Steam, lile duka la gemu za kompyuta, tangu Januari 2024 wanataka useme kama umetumia, na ofisi ya hakimiliki ya Marekani imekuwa ikikataa kusajili picha yenye mashine imetoa peke yake bila mkono wa mtu. Maana yake ukitengeneza dereva wako wa tuktuk kwa AI tupu alafu mtu amchukue, unaeza kukosa pa kumshikia. Wahusika wakuu wachorwe na mtu.

Alafu hadithi za kwetu. Watu wanataka kufanya gemu ya Luanda Magere, yule shujaa wa mwili wa jiwe mwenye mkuki ulimpata kwa kivuli, na kwa kweli hiyo ni gemu tayari, ata sijui kwa nini bado hatuna ishirini. Hadithi yenyewe ni ya jamii. Lakini Kenya iko na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na hiyo inasema jamii iko na haki ya kuulizwa kabla mtu atumie vitu vyao kwa biashara. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iko kwa orodha ya UNESCO tangu 2014 kama urithi unahitaji kulindwa haraka. Ukitaka isukuti kwa gemu yako usichukue rekodi ya mtu kutoka YouTube, panda gari uende Kakamega, ongea na wachezaji wazee, waeleze gemu ni nini, lipa, rekodi yako mwenyewe, andikianeni. Ni heshima na pia sauti inatoka poa zaidi.

Jina ni mlango mwingine kabisa

Hakimiliki hailindi jina. Jina linalindwa na alama ya biashara, na hiyo ni KIPI, sio KECOBO, watu wanachanganya hizi ofisi mbili kila siku. KECOBO ni ya hakimiliki, KIPI ni ya alama za biashara na hataza, yaani haki za uvumbuzi. Kwa KIPI unaanza na kutafuta kama jina liko, alafu unaomba kwa daraja la bidhaa yako, ikipita inakaa miaka 10 na unaeza kuongeza tena na tena. Usichague jina linaeleza tu gemu ni nini. "Tuktuk Race" ni ngumu kulinda juu kila mtu anahitaji hayo maneno. Jina la kubuni ama la mchezo wa maneno ya Kijaluo ni rahisi zaidi kulinda na rahisi kukumbuka.

Na ukisajili, litumie. Dong Nguyen wa Vietnam alitoa Flappy Bird 2013, ikavuma mpaka ikasemekana inaleta dola 50,000 kwa siku kwa matangazo, na Februari 2014 akaitoa mwenyewe. Miaka kumi baadaye, 2024, kikundi kingine kikatangaza Flappy Bird mpya, juu kampuni moja Marekani ilienda ikadai jina limeachwa na ikapewa. Yeye akabaki kuambia watu kwamba hana uhusiano na hiyo gemu. Aliitengeneza kwa mikono yake na jina likaenda kwa watu hawajui.

Weka ushahidi na usajili

KECOBO wako na sajili ya mtandaoni, unafungua akaunti, unaweka maelezo ya kazi na unapandisha kopi. Ni hiari, lakini cheti chao ni ushahidi mzuri wa mwanzo kwamba ulikuwa na hii kitu tarehe fulani, na kwa mtu wa Google mwenye ako mbali na hajui Kondele ni wapi, cheti cha serikali kinaongea haraka. Pamoja na hiyo weka msimbo wako kwa Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi, na uhifadhi kila siku, juu kila hatua inabaki na tarehe yake. Michoro ya penseli usitupe, piga picha, tuma kwa emaili ya timu. Faili za mwanzo zenye leya zake ndo dhahabu, juu mwizi ako na picha ya mwisho tu, hana njia ya kufika hapo.

Na usiogope ati sheria ya Kenya inaishia Busia. Kenya iko ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1993, kazi yako inalindwa kwa nchi zingine wanachama kama za wenyewe, ikiwemo Marekani, na mtu wa nje hahitaji kusajili huko ndo aeze kushtaki. Lakini ukitaka zile fidia kubwa zenye sheria ya Marekani imepanga bila kuthibitisha hasara, hapo usajili wa mapema huko unahitajika, so kama gemu imeanza kupaa huko fikiria hilo.

Duka, pesa, na mikataba ya pablisha

Akaunti ya Google Play ni dola 25 mara moja tu, Apple ni dola 99 kila mwaka, Steam ni dola 100 kwa kila gemu. Akaunti mpya ya kibinafsi ya Google lazima kwanza iwe na watu 12 wanaijaribu siku 14 mfululizo, kwa hivyo panga marafiki mapema, wa darasa la Maseno, wa kanisa, wowote wenye Android. Google tangu Julai 2021 wanakata asilimia 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza ya mwaka, Steam asilimia 30. Hizi hesabu zinasukumwa na kesi za Epic, watengenezaji wa Fortnite, dhidi ya Apple na Google zilizoanza Agosti 2020, Epic ilishinda Google mbele ya baraza la korti Desemba 2023, na malipo ya nje ya duka yanaendelea kufunguka kidogo kidogo. Kwetu hiyo ni habari kubwa juu mteja wetu ako na M-Pesa, hana kadi.

Gemu za simu karibu zote sai ni bure kuingia, pesa iko kwa matangazo na vitu vidogo vya kununua ndani kama skini, yaani mavazi na sura za wahusika. Chunga na yale masanduku ya bahati, yenye mchezaji analipia bila kujua atapata nini, Ubelgiji walisema 2018 ni kamari, na mimi binafsi nakuomba usiyaweke kwa gemu ya watoto, huku kwetu kamari imeshakula nyumba za kutosha.

Injini, yaani programu unatumia kujenga gemu kama Unity ama Godot, pia ni mkataba. Septemba 2023 Unity walitangaza watatoza pesa kwa kila mtu ameinstoli gemu, watengenezaji wakawaka dunia nzima, na Septemba 2024 wakaifuta. Mwaka mzima watu wenye gemu katikati hawakujua watalipa nini. Godot iko chini ya leseni ya MIT, hakuna mtu anaeza kukuongezea bei kesho. Kama unaanza sai, anza huko.

Na pablisha akikuja, pole pole. Kuna hadithi ya Spry Fox na gemu yao Triple Town. Walikuwa wanaongea na kampuni inaitwa 6waves kuhusu kuipeleka kwa simu, wakawapa toleo la siri ili walijaribu chini ya mkataba wa kutunza siri, na kabla maongezi yaishe 6waves wakatoa Yeti Town, dubu imekuwa yeti, nyasi imekuwa theluji, bei na maelezo karibu yafanane. Spry Fox walishtaki 2012 na wakamaliza kwa makubaliano, Yeti Town ikawa mali yao. Ule mkataba wa siri ulikuwa sehemu ya shtaka lao. Kwa hivyo kabla uonyeshe mtu toleo lako weka sahihi kwanza, na maongezi yawe kwa maandishi, simu ikikatwa tuma emaili ya kusema tumeongea hivi na hivi. Kwa mkataba wenyewe tafuta vitu vinne: wanachukua haki yote ama leseni tu, kwa miaka mingapi, wanarudisha pesa zao kabla ya kukulipa mpaka kiasi gani, na wasipoitoa gemu ndani ya muda fulani haki zinarudi kwako. Kama hicho cha mwisho hakiko, kidai.

Siku umeona kopi, na siku wewe ndo umeshtakiwa

Ukiona kopi usikimbilie kumtusi mtu kwa komenti. Kwanza piga skrinshoti ya ukurasa wote, jina la mwenye akaunti, tarehe, weka gemu yake kwa simu urekodi video ukicheza. Panga picha zako na zake kando kando. Kama kilichofanana ni wazo tu, tuktuk na mji, acha, utapoteza nguvu. Kama ni michoro yako, mama wako wa mbuta yuko pale na beseni lake, basi jaza fomu ya hakimiliki ya duka: wewe ni nani, kazi yako ni ipi na inapatikana wapi, kiungo cha gemu ya mwizi, kauli kwamba unaamini kwa dhati haina ruhusa, kauli kwamba unasema kweli, sahihi. Ambatisha cheti cha KECOBO. Kama shida ni jina peke yake tumia fomu ya alama ya biashara, sio hii. Na kama kopi iko kwa tovuti iliyowekwa hapa Kenya, marekebisho ya 2019 yalileta notisi kama hiyo kwa watoa huduma wa mtandao wa hapa.

Sasa geuza. Asubuhi moja unapata emaili gemu yako imetolewa, kuna mtu amesema ni yake. Inafanyika, na wengine wanatuma madai ya uongo makusudi ndo wapate wikendi ya kuuza wakiwa peke yao. Fungua ile spredishiti. Kama kweli kuna kitu chake kimeingia, fonti ama mlio, kitoe, andika kwa adabu, ulizia duka namna ya kurudi. Kama hakuna, uko na haki ya kutuma jibu la kupinga, na kwa sheria ya Marekani duka linatakiwa kurudisha gemu kati ya siku 10 na 14 za kazi baada ya jibu lako, isipokuwa mlalamishi akimbie kortini kwanza. Lakini soma vizuri kabla ubonyeze, juu kwa hilo jibu unatia sahihi kwamba unakubali kushtakiwa kwa korti ya Marekani. Kama makaratasi yako yamekaa sawa tuma bila woga. Kama kuna shimo mahali ongea na wakili wa haki miliki kwanza, ata kwa saa moja tu, mpelekee kila kitu kwa folda moja.

Kuna shtaka moja litakuja kwa jina lingine, hataza, yaani haki juu ya njia ya kufanya kitu. Nintendo na Pokémon waliposhtaki watengenezaji wa gemu ya Palworld huko Tokyo, Septemba 2024, hawakutumia hakimiliki, walitumia hataza za namna gemu inafanya kazi, na waliomba yeni milioni 5 kwa kila kampuni pamoja na kuzuia mauzo. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001 haitoi hataza kwa sheria na mbinu za kucheza gemu, so hapa Kisumu hiyo haikugusi, ila ukianza kuuza Japani ama Marekani unaingia kwa sheria zao. Barua ya aina hiyo ikikuja usiijibu mwenyewe ata neno moja, usiifute, angalia tarehe ya mwisho ya kujibu iko lini, na siku hiyo hiyo ifike kwa wakili.